Jina la Mama wa Chemchemi

Wako watu ambao ndoto huwajia usiku, zikawachezea kisha zikawaacha wasikumbuke kitu. Na wako wachache ambao ndoto huwavizia mchana, jua likiwaka, kwa sababu usiku wameukodolea macho mpaka asubuhi. Sakime alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Alilala alasiri, juu ya baraza ya ghala la mpunga, na nguo za shughuli mwilini, na alichokiota nitakisimulia kama kilivyokuwa. Sina tabia ya kuitia chumvi ndoto ya mtu, na hii yake ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Kwanza mjue alikuwa nani. Katika bonde la Yamato, zama zile ambazo nchi ya Japani ilikuwa bado haijazoea kujiandika, kila ukoo ulikuwa na mghani wake, na mghani wa ukoo mdogo wa Chemchemi alikuwa yeye, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Kazi yake ilikuwa moja. Kila msimu wa kupanda ulipoingia alisimama mbele ya maji yanayobubujika chini ya mwamba, akawaghani wahenga wote tangu wa kwanza mpaka mzee aliyezikwa juzi, bila kusita, akivuta pumzi palepale mama yake alipokuwa akivuta. Wimbo ulianza na kami watatu, maana kami ndio miungu ya nchi ile, ya mito na mawe na miti mikubwa. Jina la nne lilikuwa la mwanamke. Ndiye aliyeyaona maji yale mwanzo, akasema na kami wa mahali pale, akawatawala watu wa bondeni bila mume wa kumsimamia. Nje ya wimbo hakuna aliyemtaja. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama wa Chemchemi tu. Jina lake lenyewe lilikuwa zito, halikutoka ila kinywani mwa mghani, siku ile moja, mara ile moja, wengine wote wakiwa wameziba masikio. Hivyo ndivyo walivyomheshimu.

Sasa, kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari, nchi ya Kudara na nchi kubwa ya China nyuma yake, mambo yalikuwa yakiingia Yamato kila mwaka. Maandishi yaliingia. Mungu aliyepakwa dhahabu akaingia, ameketi, macho nusu yamefumba, na kalenda ikaingia, na mashauri ya namna ya kutawala. Katika mashauri hayo zikazaliwa kofia kumi na mbili za kasri, za rangi mbalimbali, kila moja na jina la sifa njema: Fadhila, Huruma, Adabu, Uaminifu, Haki, Hekima, kila sifa kubwa na ndogo yake. Mtu hakuvaa tena cheo kwa sababu baba yake alikivaa. Alipewa kofia kwa kustahili. Jambo zuri, nani alikataa? Ila kabla ya kukupa walitaka waione nasaba yako katika maandishi, baba kwa mwana, baba kwa mwana, kama waandikavyo mabwana wa ng'ambo. Na kofia hizo zilitolewa kwa jina la malkia, maana aliyekaa kitini siku hizo alikuwa mwanamke. Hakuna aliyecheka. Mimi ningecheka.

Sakime alikuwa na mdogo wake, Nukamaro, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Nukamaro alikuwa ametajwa kwa kofia ya manjano, Uaminifu Mdogo. Alikuja nyumbani siku tano kabla, akaketi bila hata kuvua vumbi la miguu.

"Dada, mjumbe wa kasri anasema nasaba yetu ina kasoro. Jina la nne."

"Kasoro gani? Yule ndiye ukoo wenyewe."

"Ni mwanamke, dada. Wao wanataka kami wa tatu amzae mwanamume moja kwa moja. Ni jina moja tu, katika majina sabini na mawili! Yeye hatakasirika, amekufa zamani. Mimi niliye hai nimekaa mlangoni pa kasri miaka sita, nikiwashikia wenzangu viatu. Unataka nife palepale mlangoni?"

Sakime alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo. Tusimlaumu haraka, kijana uliyemtafunia wali mdomoni si rahisi kumwambia hapana. Ila mngejua alichokifanya baadaye. Angeweza kuliruka lile jina, kama mtu arukavyo dimbwi, lakini mghani haruki, kwa sababu pengo katika wimbo husikika hata na mtoto. Basi aliuvunja ule mkupuo wa pumzi na kuusuka upya: jina hili akalivuta kidogo, lile akalivuta kidogo, mpaka pengo likafunikwa lisionekane lilikokuwa. Mama yake alimwonya zamani: "Usighani kosa hata kwa mzaha, mwanangu. Ulimi hauna akili, hushika cha mwisho." Kwa siku tano alikwenda kijitoni kuosha mboga na kuurudiarudia wimbo mpya, hadi ulimi haukujikwaa tena. Na niseme kweli, alijivunia kidogo.

Asubuhi ya siku ile alimghania karani. Karani huyo, Yosan, alikuwa mtoto wa watu wa Kudara waliohamia bondeni, mpole, vidole vyeusi kwa wino. Alipofika penye jina la tano aliinua brashi, akamtazama.

"Mama, hapa pametimia?"

"Pametimia, mwalimu."

Yosan akaandika. Gombo lingefungwa na kutiwa muhuri jua litakapogusa kilima, na likishafungwa halifunguliwi tena na mtu wa ukoo. Sakime akaenda zake ghalani, akajilaza akiwa na uzito kifuani kama mtu aliyemeza kokwa. Usingizi ukamchukua.

Akajiona amesimama katika mji ambao hakuwahi kuuona. Njia zake zilikuwa zimenyooka kama nyuzi za kitanda cha kufumia, pana mno, na hata mto uliopita katikati ulikuwa umelazimishwa kwenda sawasawa, ukienda kwa kunung'unika. Nyumba zilikuwa na paa za vigae na nguzo nyekundu. Watu walitembea kwa mistari, kofia za zambarau mbele, za kijani nyuma yao, kisha nyekundu, manjano, nyeupe na nyeusi, na hakuna aliyempita mwenziwe hata kwa kidole cha mguu. Palikuwa pazuri, na Sakime alipapenda kwa moyo wake wote, maana macho hayana ukoo. Kisha akaona chini, juu ya mawe yale makavu, alama za miguu yenye maji. Akazifuata kwa macho, na mbele sana, akiupita msongamano, akamwona mwanamke amempa mgongo, miguu mitupu, nywele zimelowa. Hakuwa na kofia. Kila mstari aliotaka kuingia ulimwonyesha kwa adabu kabisa kwamba nafasi yake iko nyuma, na wa nyuma nao ukamwonyesha nyuma zaidi.

Sakime alimjua papo hapo. Akataka kumwita. Lakini kiganja baridi kikamziba mdomo, na kumbe ubavuni pake alikuwapo bwana mmoja, ana kofia nyeusi ya Hekima, imemzidi kichwa kidogo, ikimfunika masikio.

"Kimya ni akiba," bwana yule akamnong'oneza. "Ukimwita hapa utaaibisha watu wako. Mwache apite, kesho utamwita."

Sakime akanyamaza, kwani nani atabishana na Hekima? Mara akatokea mtu mwingine, mwenye kofia nyekundu, akainama mara mbili na kumkaribisha. Alikuwa Adabu. Alisema Kiyamato safi, ila chenye lafudhi ya ng'ambo, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu kama wa mtu abebaye chungu kilichojaa. Akaongozana naye, na yule wa kofia nyeusi akafuata, mkono wake haubanduki mdomoni pa Sakime ila anapotaka aseme mambo ya maana ndogo.

"Mji huu ni wako?" Sakime akamwuliza Adabu.

"Mimi ni mgeni hapa, mama. Sote wenye kofia ni wageni."

"Kwetu tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Adabu akajibu huku akitembea. "Nimeusikia msemo huo, na niliuamini. Nilipofika kwenu niliuliza niketi wapi. Nilikuwa na mkeka wangu mwenyewe kwapani. Wenyeji wakaniambia, weka huo, keti hapa, pazuri zaidi. Wakaniketisha juu ya mkeka ambao bado ulikuwa na joto la mtu. Nilidhani mwenye mkeka amesafiri. Sikujua kwamba amesimama uani, ananingoja nimalize kula. Mgeni hawezi kuuliza sana, mama. Ni mwenyeji anayejua nani analala wapi. Ningependa mngeniambia." Na Sakime akaona aibu, kwa sababu Adabu alisema bila hasira.

Wakampita mwanamke aliyeketi kibarazani akishona. Alikuwa na mkono wa vazi mapajani, na sindano yake ilikwenda haraka kuliko jicho. Kila aliposhona, mshono ulimezwa na kitambaa, usijulikane ulipoanzia. Sakime akasimama kumtazama, kwani fundi hafichiki kwa fundi mwenzake.

"Huyu ni Ustadi," Adabu akasema. "Hana kofia na hana upande. Hutumikia yeyote amwitaye."

"Kazi nzuri," Sakime akamsifu.

"Ni yako," akajibu Ustadi bila kuinua macho. "Ninaimalizia. Bado kidogo tu." Sakime akafurahi kusifiwa, akaendelea na njia. Angeuliza ni vazi la nani! Lakini alama za miguu zilikuwa zikikauka mbele yake, naye akaogopa kuzipoteza.

Penye daraja wakamkuta Mgeni wa Dhahabu ameketi, na ubavuni pake Huruma, wa kofia ya kijani, akimfuta maji mgongoni kwa kitambaa. Sakime alimjua, ndiye mungu wa ng'ambo, ambaye kwa ajili yake watu wa Yamato walikuwa wamepigana, hawa wakimjengea nyumba, wale wakiiteketeza. Alisogea kwa hofu, akidhani mungu yule atakuwa na kinyongo na wenyeji. Lakini uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Maradhi yalipoingia walinitupa mferejini, wakasema nimewakasirisha wenyeji. Maradhi yalipokataa kuondoka wakaniopoa, wakasema nimekasirika mimi. Mara zote mbili hawakuniuliza. Kule chini ya maji kami wa mfereji alinipokea, tukakaa pamoja majira mawili tukizungumza kama majirani. Aliniuliza swali moja tu, kama nina mama. Nikamwambia ninaye. Akasema, basi tutaelewana. Wanaogombana, mwanangu, ni wale wanaotubeba."

"Wewe hukutaka Mama wa Chemchemi..." Sakime akaanza kuuliza, na kiganja kile kikambana mdomo asimalize, lakini Mgeni wa Dhahabu alimwelewa.

"Nimtake mama wa mtu aondolewe, mimi? Nilikuja na huruma, na huruma si ufagio. Mwite. Anangoja kuitwa. Aliye mbele yako hageuki kwa cheo wala kwa lakabu, hugeuka kwa jina lake tu. Na lango haliko mbali."

Sakime akaanza kukimbia. Mji ulikwisha ghafla, vigae vikakoma, na penye lango la mwisho mzee mmoja kichwa wazi alikuwa akizungukazunguka, anatazama chini ya mawe, anatazama nyuma ya nguzo.

"Umeiona kofia yangu?" mzee akamwuliza. "Nyeusi. Niliitundika hapa nikanawe uso, niliporudi haipo." Kisha akamtazama bwana aliyekuwa ubavuni pa Sakime, akatikisa kichwa. "Aa! Ni wewe tena, Woga. Nipe changu. Kila nchi ninayofika unaniibia kofia, na watu wanakusikiliza, halafu lawama napewa mimi."

Bwana yule akavuliwa kofia, na bila kofia alikuwa mtu mdogo mno, mwenye kipara na jasho, hata mtu angemwonea huruma. Mkono wake ukaanguka kutoka mdomoni pa Sakime. Kule nje ya lango Mama wa Chemchemi alikuwa amesimama penye majani marefu, bado amegeuka kisogo, bega moja limeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja.

"Sasa hakuna akuzuiaye," Hekima akasema, akijivika kofia yake. "Mwite, binti, maji yakimwagika hayazoleki."

Sakime akavuta pumzi, ndefu, ya kuijaza sauti yake yote. Na kwa ile pumzi akaamka.

Jua lilikuwa limebaki kiasi cha upana wa mkono juu ya kilima. Aliruka barazani, hakuvaa hata viatu, akakimbia katika matuta ya mpunga akikanyaga popote, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Ameelewa! Ndoto iko wazi kama maji: woga ndio uliomziba mdomo, na woga amekwisha kuvuliwa kofia. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini leo amemwahi njiani. Alifika kwenye kibanda cha karani akihema. Yosan alikuwa na kamba ya hariri mkononi, gombo limekunjwa nusu. Nukamaro alikuwapo pia, nywele zake zimefungwa kwa mtindo mpya, juu ya utosi, tayari kwa kofia.

"Usifunge, mwalimu! Nimeghani kosa. Jina la nne nimelificha. Nataka liandikwe."

Nukamaro akasimama wima. "Dada! Kofia yangu?"

"Utaikosa, mdogo wangu. Nisamehe, utaikosa. Nimekosea kukukubalia. Nilipaswa kukukatalia siku ileile."

Kijana akamtazama dada yake, miguu ya matope, nywele zimetimka. Kisha akaketi polepole, akaivuta ile kamba ya nywele mpaka zikamwangukia mabegani.

"Haya, dada," akasema. "Hata mimi sijalala siku tano. Nikipita kwenye chemchemi natazama pembeni. Mwache mwalimu aandike."

Yosan akalikunjua gombo juu ya ubao, akasugua wino, akalowesha brashi, akaichonga ncha yake ukingoni mwa sahani. Karatasi yenye kosa alikuwa tayari kuikata na kuunganisha mpya; alisema ni kazi ya muda mfupi. Akainua uso.

"Niambie, mama. Jina lake?"

Sakime akavuta pumzi ile ya ndotoni, akaanza wimbo tangu mwanzo. Kami wa kwanza. Kami wa pili. Kami wa tatu. Na sauti ikateleza bila kukwaa, laini, nzuri, ikatua kwa mwanamume wa jina la tano. Akaanza tena, polepole, akikanyaga kila neno kama atembeaye gizani. Kami wa tatu, kisha jina la tano. Hapakuwa na ufa. Akajaribu kuukumbuka wimbo wa zamani, na kila alipoushika ukawa ni huu mpya; akajaribu kuisikia sauti ya mama yake, na mama yake naye, kaburini alikokuwa, akaghani kama alivyofundishwa na bintiye kijitoni.

"Dada, acha mzaha," Nukamaro akasema.

"Wewe hulijui?"

"Nitalijulia wapi? Wewe ndiye unayelijua."

Ndipo alipoelewa ni vazi la nani Ustadi alikuwa akilimalizia, na kwamba Woga, mtu mdogo yule, alikuwa hana kosa kubwa. Woga humziba mtu mdomo, na mdomo hufunguka. Alichokifanya yeye alikifanya kwa kazi aliyoipenda, kwa ufundi alioachiwa na mama yake, na akakifanya vizuri. Hapakuwa na mwingine wa kumwuliza bonde zima. Heshima ilikuwa imelitunza jina lile katika kinywa kimoja tu. Akaketi sakafuni akalia, na hakujificha uso.

Yosan aliweka brashi, akamngoja atulie. Kisha akasema kwa upole, kwa lafudhi ile ya watu wa Kudara ambayo wenyeji walizoea kuicheka: "Mama, karatasi si wimbo. Wimbo hauwezi kubeba pengo, lakini karatasi inaweza. Kwetu jina likipotea tunaacha nafasi nyeupe mahali pake, ili ajaye ajue kwamba alikuwapo mtu. Mjumbe ataiona, na kofia haitatolewa. Nifanye hivyo?"

Sakime akamtazama Nukamaro. Nukamaro akainamisha kichwa kukubali.

"Fanya hivyo, mwalimu."

Yosan akaikata karatasi, akaunganisha safi, akaandika kami wa tatu. Kisha akaishikilia brashi juu ya weupe, asijue aishushe wapi kwa jina la tano.

"Niache nafasi kiasi gani, mama? Lilikuwa jina refu, au fupi?"

Sakime akafungua kinywa kumjibu, na hata hilo hakulikumbuka.